Ndege juu ya mkanda: inapaa au haipai?

Haya wapendwa, toleo lililopita nilichapa swali moja la ndege nikidhani watajibu watu watano sita yaishe, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri ananiuliza mwalimu umewafanyia nini hawa watu. Kuna walioniita mzee aliyesahau fizikia yake, kuna mmoja kanichorea mchoro nyuma ya risiti ya umeme (mzuri tu mchoro wenyewe, ila mishale yote imeelekea kusiko), na kuna ndugu wawili wa Tabata wanasema hawasalimiani wiki ya pili sasa. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa ndege, wale wa swali la friji na sabufa mtanisamehe, mtasubiri zamu ijayo.

Kwa ambaye hakusoma, swali lilikuwa hili:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari huku Gongo la Mboto, kijiwe chetu ndege zikishuka zinapita juu ya vichwa vyetu hadi tairi unazihesabu. Sasa juzi mmoja wetu kaleta hoja. Chukua ndege uiweke juu ya mkanda kama ule wa tredmili ya gym lakini mrefu kama ranwei. Ndege ikianza kwenda mbele, mkanda unarudi nyuma kwa kasi ileile, ndege ikienda 50 mkanda nao 50, ikienda 100 mkanda nao 100. Je itapaa? Mimi nasema haipai ng'o, itabaki palepale kama mtu anayekimbia gym, na bila upepo kwenye mabawa hakuna kupaa. Jamaa mmoja anayepakia mizigo uwanjani anasema inapaa kama kawaida. Tumewekeana kreti mbili za soda na kuku wa kienyeji. Tusaidie kabla kuku hajafa kwa uzee."

Marahaba fundi. Chinja kuku.

Ndege inapaa. Tena inapaa pale pale ambapo ingepaa siku zote, labda iongeze hatua chache tu, na abiria aliyefunga mkanda wake akiangalia nje dirishani asingejua kuna kitu cha ajabu mpaka mtu amwambie tairi zilikuwa zinazunguka mara mbili ya kawaida.

Najua umekunja uso. Ngoja nikwambie kwanza ulipopatia, maana umepatia pazuri tu: ni kweli kabisa kwamba bila hewa kupita kwenye mabawa hakuna kupaa. Bawa linabeba ndege kwa sababu linaigeuza hewa kuelekea chini, na hewa nayo inalijibu kwa kulisukuma juu, na kasi ya hewa ikiongezeka mara mbili ule ubebaji unaongezeka mara nne. Kwa hiyo ndege ingebaki palepale kweli, ungekula wewe kuku. Ulipokosea ni pale uliposema itabaki palepale. Na umekosea kwa sababu wewe ni fundi magari, yaani kazi yako ndo imekuponza.

Gari linaendaje? Injini inazungusha shafti, gia, difu, mpaka tairi, halafu tairi inaikanyaga barabara kwenda nyuma na barabara inalirudishia gari msukumo wa kwenda mbele. Barabara ndo kila kitu. Ndo maana ukiliweka gari juu ya yale marola ya kukagulia, unakanyaga mafuta mshale wa spidi unapanda hadi 80 na gari liko palepale, wala hushangai, kwa sababu kile kitu tairi ilichokuwa inakikanyaga kimekimbia. Ukibadilisha barabara umemkata gari miguu.

Sasa fungua ndege uiangalie chini kama ulivyozoea kuingia chini ya gari. Utatafuta difu mpaka usiku. Hakuna shafti kutoka kwenye injini kwenda kwenye tairi, hakuna gia, hakuna chochote, kuna beringi na breki basi. Tairi ya ndege ni ya kubebea tu, kama tairi ya mkokoteni. Mkokoteni hausukumwi na tairi zake, unasukumwa na yule kijana anayetoka jasho, na yule kijana wa ndege ni propela au jeti, ambayo inaichota hewa na kuitupa nyuma, hewa nayo inaisukuma ndege mbele. Isaac Newton aliliandika hilo tangu 1687, kila ukisukuma unasukumwa, na hapa anayesukumwa ni hewa sio lami. Sasa mkanda wako unakimbia huko chini, hewa ina habari gani?

Najua maneno hayatoshi, maana hata mimi mara ya kwanza kulisikia hili swali, na nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha nne wakati huo, nilisema haipai. Nilisema kwa sauti kubwa tena mbele ya walimu wenzangu. Kwa hiyo safari hii nikaona nisijibu kwa mdomo tu, nikaenda gym.

Kuna gym ya kijana mmoja nilimfundisha zamani, iko ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikaenda na skeitibodi ya mpwa wangu na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki. Tukaiweka skeitibodi juu ya tredmili, juu yake tukapanga sahani za chuma za kilo 20, tukaifunga kamba ya kiatu kwa mbele, kamba ikashikwa na ndoano ya mizani, na mizani tukaifunga kwenye kile chuma cha mbele cha tredmili. Maana yake skeitibodi haiendi popote, mkanda unakimbia chini yake, na mizani inatuambia mkanda unaivuta nyuma kwa nguvu kiasi gani. Watu wakaacha kunyanyua vyuma wakaja kusimama.

Tukawasha kilomita 4 kwa saa. Mshale wa mizani ukatikisika ukatulia kwenye gramu 300 na kitu. Kumbuka mzigo ni kilo 20. Nikamwambia ongeza, akaenda 8, akaenda 12, vitairi vinapiga kelele kama mashine ya kusaga, na mshale? Umepanda kidogo mno, ukiwa umesimama mbali huoni tofauti. Kijana akasema mwalimu mizani imekwama hiyo. Nikaivuta kwa kidole, ikaenda kilo 2, ikarudi. Haijakwama.

Hapo ndo siri yote ilipo jamani. Mkanda ukikimbia mara tatu zaidi, haukivuti kitu chenye tairi mara tatu zaidi. Unazungusha tairi tu. Ule mvuto mdogo unaobaki ni wa tairi kubonyea na beringi kusuguana, na huo unategemea zaidi uzito ulio juu kuliko kasi iliyo chini. Nikafungua kamba nikaishika mwenyewe, mkanda ukiwa kwenye 12, nikaivuta skeitibodi taratibu kuelekea mbele kwa vidole viwili. Ikaja. Haikuniomba ruhusa. Mkono wangu haukusimama juu ya mkanda, umesimama juu ya sakafu, ndo maana mkanda hauna la kunifanya, na ndege hivyohivyo, mkono wake umeshika hewa.

Dada mmoja aliyekuwa anasubiri hiyo tredmili akauliza tumemaliza au bado.

Sasa tuweke namba za ndege yenyewe. Chukua Cessna 172, kale kadogo ka viti vinne wanakojifunzia urubani. Ikijaa ina kama kilo 1,100. Mvuto wa tairi zake kwenye lami ni kama asilimia moja na nusu au mbili ya uzito, tuseme kilo 20 za kuivuta nyuma. Propela yake ikianza inavuta mbele kwa kama kilo 200. Mia mbili dhidi ya ishirini, hiyo sio mechi. Na hizo 20 wala sio za mkanda, zilikuwepo hata kwenye lami ya kawaida na rubani anazishinda kila siku. Inahitaji kama kilomita 100 kwa saa ndani ya hewa kuinuka, na kwenye usawa wa bahari inazipata ndani ya mita kama 300. Kwenye mkanda wa fundi itazipata hapohapo, ila tairi zitakuwa zinazunguka kwa kasi ya 200 maana mkanda unarudi nyuma 100 na ndege inakwenda mbele 100.

Kubwa nalo? Boeing 737-800 ikijaa kabisa ni tani 79. Mvuto wa tairi tuseme tani moja na kidogo. Injini zake mbili zinasukuma kama tani 12 kila moja, yaani 24 jumla. Hesabu mwenyewe.

Ila kwa Boeing hapa kuna jambo, na nashangaa katika barua zote hakuna aliyeligusa. Ndege hii inainuka kwenye kama kilomita 280 kwa saa, ikiwa nzito. Juu ya mkanda tairi zitalazimika kuzunguka kwa 560. Na tairi za ndege za abiria zina kikomo cha kasi kimeandikwa ubavuni, kwa nyingi ni maili 225 kwa saa, yaani kilomita 362. Kwa hiyo fundi, kama unataka angalau kugawana kuku, hoja yako iwe hii: tairi zitapasuka kabla ya kuinuka. Hapo ningekusikiliza. Lakini hiyo ni habari ya mpira na nyuzi, haina uhusiano na ile ya kubaki palepale, na ukitengeneza tairi nzuri zaidi hoja inakufa.

Kuna njia nyingine ya kuliona ambayo mimi ndo hunimaliza kabisa. Ondoa tairi. Mwaka 1937 kampuni ya Waingereza, Imperial Airways, ilianza kupeleka ndege za majini mpaka Durban. Zilikuwa na tumbo kama la mashua, zinatua kwenye maji na kupaa kwenye maji, na njia yake ilipita huku kwetu: Port Bell kule Uganda, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, zikaendelea kusini. Yaani wazee wa Lindi waliona ndege ikitua baharini mbele ya macho yao. Ndege hiyo haina tairi hata moja inayokanyaga chochote. Sasa mwambie rubani wake kuna mkondo wa maji unakuja kinyume naye, hivyo hapai leo. Atakuona vipi? Maji yatamkwaruza zaidi kidogo, naam, maana maji yana ubishi kuliko beringi, lakini injini inavuta hewa na ataondoka.

Na kwa wale wa "mpaka nione kwa macho", ilishafanywa. Januari 2008 kipindi kimoja cha runinga cha Marekani, MythBusters, walitandika turubai refu ajabu chini, wakaweka juu yake kindege kidogo chepesi cha mtu mmoja, halafu pikapu ikawa inalivuta turubai kwenda nyuma kwa ile kasi ya kupaa huku rubani anasukuma mafuta kwenda mbele. Kilichonifurahisha ni kwamba rubani mwenyewe, mtu anayerusha hicho kindege siku zote, aliamini hakitapaa. Kikapaa. Yeye akiwa ndani. Kwa hiyo fundi usione aibu, umekosea pamoja na rubani na mwalimu wa fizikia.

Haya, twende kwa wabishi.

Mwanafunzi wa chuo Dodoma, huyu kanitoa jasho kidogo: "Mwalimu umejibu swali jepesi. Sisi tulilolipata linasema mkanda unalingana na kasi ya TAIRI, sio kasi ya ndege. Hapo je?"

Mwanangu umeona mbali, na hili ndo linalowagombanisha watu wengi bila kujua kwamba wanajibu maswali mawili tofauti, huyu anajibu lake yule lake, wanatukanana bure. Angalia. Kasi ya kuzunguka kwa tairi ni kasi ya ndege ukijumlisha kasi ya mkanda, hakuna namna nyingine kama tairi haitelezi. Sasa ukisema mkanda ulingane sawasawa na tairi, kilichobaki kwa ndege ni sifuri. Yaani umeshaandika jibu ndani ya swali! Ni sawa na kuniuliza, katika chumba ambacho hakuna mtu anayeweza kutoka, je Juma anaweza kutoka? Hajatoka kwa sababu umesema hatoki, sio kwa sababu ya mlango.

Lakini tuseme kuna mhandisi mkaidi anataka kuujenga huo mkanda kweli. Upo mlango mmoja. Tairi ni nzito, kuizungusha haraka zaidi na zaidi kunahitaji nguvu, kwa hiyo mkanda ukiwa unaongeza kasi muda wote bila kupumzika, unaivuta ndege nyuma kidogo kupitia uzito wa tairi. Kuongeza kasi, sio kuwa na kasi, hapo patofautishe. Sasa ni kiasi gani? Chukua Cessna yetu, tuseme tairi zake tatu na rimu zake zina kilo 25 na tuzihesabu kama sahani zilizojaa, ambazo kwenye kuzungushwa ni nusu tu ya uzito wake inayohesabika. Kuizuia ile propela ya kilo 200, ambazo kwa kipimo cha nguvu ni nyutoni kama 2,000, mkanda inabidi uongeze mita 160 kwa sekunde, kila sekunde. Hiyo ni kuongeza kilomita 576 kwa saa kila ukisema "moja". Sekunde ya tatu haijaisha, mkanda umeshaipita kasi ya sauti. Tairi zimeshakuwa vipande, beringi zimeyeyuka, na mkanda wenyewe kwa kasi hiyo utakuwa unaburuta hewa kwenda nyuma, yaani unampelekea rubani upepo wa mbele, ambao ndo hasa alikuwa anautafuta! Kwa hiyo kwenye makaratasi sawa, kijana, ndege inaweza kuzuiwa. Ukinialika kwenye majaribio nitakaa wilaya ya jirani.

Mama mmoja wa Morogoro ameuliza kwa adabu zake: "Mwalimu, kama ndege inapaa juu ya mkanda, si tungejenga viwanja vifupi vya mikanda kwenye milima ambako nafasi hakuna? Mbona serikali haioni?"

Mama yangu, hapana, na nimefurahi umeuliza maana kuna watu wengi wameelewa hivyo. Ndege haipai *palepale*. Inakwenda mbele mita zilezile 300 kama kawaida, ndani ya hewa na mbele ya macho yako. Mkanda haujaisaidia kitu wala haujaizuia kitu, na inabidi uwe mrefu kama ranwei yenyewe, sasa fikiria bili ya umeme. Ukitaka uwanja mfupi usiugeuze mkanda kwenda nyuma, ugeuze uende *mbele*, na rubani afunge breki. Hapo tairi hazizunguki, ndege imebebwa kama mzigo, na mkanda ukifika kilomita 100 kwa saa ndege imepata upepo wake wote bila kutembea hata hatua juu ya mkanda. Meli za kivita zinazobeba ndege zinafanya karibu na hivyo. Meli inageuzwa kuelekea upepo unakotoka, inakimbia noti 30 au pungufu kidogo, karibu kilomita 55 kwa saa, kwa hiyo ndege ikiwa bado imesimama juu ya sitaha mabawa yake yameshapata hizo 55 pamoja na upepo wenyewe wa bahari. Sehemu ya kazi imeshafanyika.

Na hapo utaona kwa nini breki zinabadilisha kila kitu. Fundi, kama kijiweni kwenu mngesema rubani amesahau breki, mkanda ungemrudisha nyuma pamoja na ndege yake mpaka Pugu. Tairi inayozunguka haijali barabara, tairi iliyofungwa inaijali sana.

Nahodha mstaafu wa Mombasa yeye hakuuliza, ametoa hoja: anasema jambo hili mabaharia wa vyombo vya tanga wanalijua tangu zamani, kwamba chombo unakihesabu kwa upepo wake sio kwa nchi kavu. Nahodha, asante, umelisema vizuri kuliko mimi na ningekuwa na adabu ningechapa barua yako peke yake nikaacha haya mengine. Ndo maana rubani akitaka kuondoka haangalii tu lami ni ndefu kiasi gani, anaangalia ile soksi ya upepo pale uwanjani, anapaa akiuelekea upepo. Cessna inayotaka 100, upepo wa mbele ukiwa 20, tairi zinatakiwa kukimbia 80 tu. Upepo huohuo ukiwa unatoka nyuma, tairi zikimbie 120 na ranwei inakuwa fupi ghafla. Na upepo ukifika 100 wenyewe? Ndege inaweza kunyanyuka ikiwa imeegeshwa, haina rubani, injini imezimwa. Sio utani, pita kwenye viwanja vya ndege ndogo utaona zimefungwa kamba chini ya mabawa na mkiani kama mbuzi.

Mwisho kuna hii, imekuja kwa namna tofauti kutoka kwa watu wanne, nawaunganisha: "Kama ni hivyo mwalimu, dunia inazunguka, si ni kama huo mkanda? Kwa nini ndege isipae tu ikasimama angani, dunia ikazunguka chini yake, ikashuka Marekani bila kuchoma mafuta?"

Hili swali nimeulizwa darasani kila mwaka kwa miaka ishirini na kitu na huwa linatoka kwa yule anayekaa nyuma kabisa. Ndiyo, dunia ni mkanda. Mzingo wake kwenye ikweta ni kilomita 40,075, ukigawa kwa saa 24 unapata kama 1,670 kwa saa. Mtu wa Nanyuki aliyekaa barazani anakunywa chai anakwenda mashariki kwa kasi hiyo, kiti, chai na yeye. Kila ranwei unayoijua inakimbia hivyo. Mbona sasa ndege inayoelekea mashariki na ile inayoelekea magharibi zote zinapaa kwa kasi ileile? Kwa sababu hewa nayo inakwenda pamoja na dunia. Huo ndo utofauti na mkanda wa fundi, mkanda wa fundi unakimbia hewa ikiwa imetulia, dunia inakimbia na hewa yake. Ndege ikipaa imebaki ndani ya ile hewa, kama nzi ndani ya daladala inayotoka Mbagala. Nzi haendi kasi ya daladala kwa mabawa yake, na dereva akiongeza mwendo nzi hajibandiki kwenye kioo cha nyuma, maana hewa ya mle ndani inakwenda naye. Ndege "ikisimama" angani juu ya Nanyuki, itasimama na Nanyuki.

Na ingekuwa hewa haiendi na dunia, msingekuwa mnaniuliza habari ya kupanda ndege bure, maana asubuhi ukifungua mlango ungekutana na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa kutoka mashariki, bati la nyumba ungelikuta Congo.

Wale ndugu wawili wa Tabata, nimesoma barua zenu zote mbili. Mkubwa anazungumzia mkanda unaolingana na ndege, mdogo anazungumzia mkanda unaolingana na tairi. Salimianeni.

Na wewe fundi, jamaa wa mizigo ameniandikia pia, siku tatu baada yako. Anasema wewe ulipendekeza kreti mbili, yeye alisema moja. Na anasema kuku anataga siku hizi, kwa hiyo mkae muongee upya.